Vipi mkono? Kisa cha kibarua wa Shimanzi mbele ya afisa wa fidia

"Vipi mkono?" afisa alimuuliza.

Mwenzetu akajibu kama alivyolelewa. "Alhamdulillahi, Mama, waendelea."

Upande wa pili wa meza, wakala wa bima akainamia daftari lake akaandika. Hakuandika mengi, pengine neno moja au mawili, lakini mimi niliyeketi kando ya mwenzetu nilijua ameandika nini, kwa sababu neno lilo hilo ndilo lililotufikisha pale. Kadi ya zahanati ilisema anaendelea vizuri. Fomu ya mwajiri ikasema anaendelea vizuri. Na uamuzi wa kwanza, uliompa shilingi 27,958 kwa mkono ambao vidole vyake viwili havikunjiki tena, ulisimama juu ya kuendelea vizuri huko.

Nakiandika kisa hiki kwa idhini yake, bila majina. Mimi ni msaidizi wa sheria wa kujitolea huku Mikindani, Mombasa, nchini Kenya. Si wakili na sijawahi kujidai. Kazi yangu kubwa ni kuwasomea watu karatasi walizotia sahihi bila kusomewa.

Siku yenyewe

Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, siku chache kabla ya Ramadhani. Godauni liko Shimanzi, na kazi ni chai: magunia ya karatasi yanapangwa juu ya paleti, paleti zinaingizwa kwenye kontena, kontena linakwenda bandarini. Mwenzetu alikuwa ameshika ukingo wa mlango wa kontena ili aufunge. Foklifti ikarudi nyuma, ikaugonga mlango, na mkono wake wa kulia ukabanwa kati ya chuma na chuma. Kidole cha shahada na kidole cha kati.

Nyapara akamfunga kitambaa. Wakapanda tuktuk hadi zahanati ya kibinafsi ambayo kampuni ina hesabu nayo. Alishonwa, akapewa dawa za maumivu na siku 5 za kupumzika. Picha ya eksirei hakupigwa. Kampuni ikamtumia shilingi 2,000 "za dawa", na kwa upande wao hadithi ikaishia hapo.

Kisheria ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo kila mtu anaiita WIBA, inamtaka mwajiri amwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari ya ajali. Mtu akifa, ni saa 24. Mfanyakazi naye si lazima aandike barua. Kumwambia mwajiri kwa mdomo kunatosha. Kwa hiyo kile kitambaa cha nyapara kilikuwa taarifa tosha. Lakini siku 7 zilipita, ukapita mwezi, ikapita Idi, na hakuna fomu iliyopelekwa popote.

Watu huuliza kwa nini mwenyewe hakufuatilia. Mtu wa kibarua akiumia hafikirii fomu. Anafikiria atarudi lini kabla ya nafasi yake kuchukuliwa. Alirudi baada ya zile siku 5, akajaribu kuinua gunia, likamponyoka. Nyapara akamwambia, "Mwanangu, nenda kapone kwanza." Akaenda nyumbani Jomvu, na huko ndiko alikokaa Ramadhani nzima.

Mwezi wa Mei akaja broka. Hawa tunawajua, huzungukia milango ya hospitali na vibanda vya chai vya makuli wakiwa na fomu za mawakili ndani ya bahasha. Huyu alimwahidi kesi mahakamani na "malaki", ilimradi atie sahihi pale chini. Hakutia, kwa sababu mkewe alisema karatasi haisainiwi usiku. Nasema bila kificho: mke ndiye aliyeokoa kesi hii.

Kilichomponza yule broka ni kwamba alikuwa anauza bidhaa iliyokwisha muda. Kifungu cha 16 cha WIBA kinakataza mfanyakazi kumshtaki mwajiri mahakamani kudai fidia ya ajali ya kazini; njia ni kwa Mkurugenzi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho na vingine kadhaa vinakiuka Katiba, basi kwa miaka watu wakaendelea kufungua kesi kama zamani, na ndiyo sababu kila mtaa una mjomba aliyewahi kulipwa na korti. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaugeuza sehemu kubwa ya uamuzi ule, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaunga mkono: WIBA ndiyo njia. Simulizi ya mjomba ni ya kweli, ila mlango alioingilia yeye umefungwa.

Majirani nao walikuwa na ushauri wao: "Nenda kachukue pesa za serikali za walemavu." Walikuwa wanachanganya mambo. Zile za Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa asiyeweza kujihudumia, na mwenzetu anajihudumia. Kujiandikisha na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ni jambo jingine tena, lina faida zake, lakini halimlipi mtu kwa kubanwa na mlango wa kontena. Fidia ya kazini hailipwi na hazina ya serikali. Hulipwa na mwajiri, au bima aliyoikata, na kazi ya serikali ni kukata shauri: je, ni ajali ya kazini, na ni ya shilingi ngapi.

Karatasi ya kwanza

Alipokuja kwangu mwezi wa Juni tulikwenda ofisi ya kazi, barua ikaandikwa kwa kampuni, na kampuni ndipo ilipojaza fomu inayoitwa DOSH 1. Hii ndiyo karatasi mama. Sehemu yake moja hujazwa na mwajiri: nani, wapi, lini, analipwa kiasi gani. Sehemu nyingine hujazwa na daktari: jeraha gani, siku ngapi hakuweza kufanya kazi, na ulemavu wa kudumu asilimia ngapi.

Ukiwa na muda wa kusoma sehemu mbili tu za fomu hiyo, soma mshahara na asilimia. Fidia ya ulemavu wa kudumu hutafutwa kwa kuzidisha mapato ya mwezi kwa miezi 96, kisha kuchukua asilimia ya ulemavu. Huruma haina nafasi katika hesabu hiyo. Mtu akipunguza mapato kwa nusu, na mwingine akapunguza asilimia hadi robo, fidia inabaki thumuni yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Kampuni iliandika kwamba ni kibarua wa siku mojamoja, wastani wa shilingi 9,100 kwa mwezi. Daktari wa zahanati, akinakili kadi yake ya Machi, akaandika jeraha la nyama laini, siku 5, asilimia 3, anaendelea vizuri. Yote kwa Kiingereza. Karani wa kampuni akamwita mwenzetu ofisini, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, akatia.

Chukua 9,100 mara 96, unapata 873,600. Asilimia 3 yake ni 26,208. Ongeza siku 5 za kutokuwa kazini kwa shilingi 350 kila siku, ni 1,750. Jumla 27,958. Afisa aliyekata shauri hakuwa na kosa. Alipewa namba mbili akazizidisha, na sahihi ya mlalamikaji ilikuwa chini ya karatasi.

Uamuzi ulikuwa wa tarehe 4 Septemba. Nakala ilimfikia mwenzetu tarehe 21, kwa mkono wa karani yuleyule, pamoja na maneno: "Shukuru kaka, wengine hawapati hata hizo."

Siku 60

Kifungu cha 51 kinampa yeyote asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi siku 60 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Siku zinahesabiwa tangu uamuzi, kwa hiyo sisi hatukuhesabu kutoka tarehe 21 tulipoupata. Tulihesabu kutoka tarehe 4, na mwisho ukaangukia 3 Novemba. Nimeona watu wakipoteza haki nzima kwa kuhesabu kutoka siku waliyofungua bahasha.

Pingamizi si malalamiko. Sheria inataka maelezo mafupi ya mazingira na jambo unaloomba. Rasimu ya kwanza aliiandika mwenzetu mwenyewe, kurasa tatu, na robo tatu yake ilikuwa juu ya dharau ya karani. Maneno mazuri, yenye uchungu, na hayana kazi. Tulibakisha mambo matatu: mapato si 9,100, asilimia si 3, na siku za kukaa nyumbani hazikuwa 5. Tukaongeza ombi moja, kwamba asikilizwe ana kwa ana kabla ya jawabu kutolewa.

Ombi hilo wengi hawaliweki. WIBA yenyewe inasema tu kwamba Mkurugenzi atajibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na jawabu linaweza kabisa kutoka mezani bila wewe kuonekana. Lakini Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya utawala ulio wa haraka, wa kisheria na wenye kufuata taratibu za haki, na Sheria ya Matendo ya Haki ya Kiutawala ya mwaka 2015 inafafanua maana yake: kupewa notisi, kusikilizwa, kuuona ushahidi uliotumiwa, kufika mwenyewe au pamoja na mtaalamu wako, kuwauliza maswali wanaotoa ushahidi dhidi yako, kupewa sababu. Tuliyaandika hayo kwa sentensi mbili, bila vitisho.

Sasa ushahidi. Juu ya mkono, alikwenda hospitali ya umma, alikokuwa akihudhuria tangu mwisho wa Machi baada ya kuona kidole kimekaa kombo. Eksirei ilionyesha mfupa wa kidole cha shahada ulivunjika na kuunga vibaya. Daktari wa mifupa alipima kila kiungo kwa kifaa cha pembe, akaandika kinakunja kiasi gani na kinakwama wapi, akaandika pia kwamba kwa miezi 3 hakuwa na uwezo wa kazi ya kuinua mizigo, na kwa maoni yake ulemavu wa kudumu ni asilimia 12. Ripoti ya kurasa mbili, dhidi ya mstari mmoja wa zahanati.

Juu ya mapato, hakuwa na mkataba, hakuwa na hati ya mshahara, hakuwa na kitambulisho cha kampuni. Alikuwa na simu. Kila Jumamosi nyapara aliwatumia pesa za wiki kwa M-Pesa. Tulichapisha taarifa ya miezi 6, kutoka Jumamosi ya 17 Septemba 2022 hadi Jumamosi ya 11 Machi 2023, na nikakaa na kalamu nyekundu nikizungushia duara. Jumamosi 26, malipo 24, kila moja shilingi 4,200, yaani siku sita kwa 700. Wiki mbili hazikuwa na kitu: ya Krismasi, na ile mtoto wake alipolazwa.

Mkewe naye aliandika nusu ukurasa kwa Kiswahili. Nitaurudia baadaye.

Tuliwasilisha tarehe 27 Oktoba, Ijumaa, na nakala yetu ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri huo usiondoke kaunta.

Ndani ya chumba

Tuliitwa Alhamisi, tarehe 2 Novemba. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kuchachamaa, tukafika tumelowa.

Aliyezoea kuona mahakama kwenye runinga atashangaa. Hakuna kizimba, hakuna joho, hakuna "mheshimiwa". Ni meza, feni, faili lenye kamba, na afisa mmoja wa Mkurugenzi, mama wa makamo, anayeandika mwenyewe kila kinachosemwa. Upande wa pili aliketi afisa wa wafanyakazi wa kampuni, wakala wa bima, na, kwa mshangao wetu, nyapara. Walimleta aje kusema kwamba kazi ni ya kubahatisha.

Afisa alianza kwa kueleza Kiswahili safi kwamba ana faili, ana pingamizi, anataka kujua mambo matatu yaliyopingwa, na hataki hotuba. Akauliza kama kuna anayehitaji mkalimani. Kisha akauliza lile swali la kwanza, vipi mkono, na mwenzetu akajibu alhamdulillahi.

Niseme jambo hapa, maana kwangu ndilo kiini cha kisa chote. Sisi watu wa pwani tumefundishwa kwamba salamu hairudishwi kwa malalamiko. Hujambo? Sijambo, hata kama una homa ya siku tatu. Mgonjwa aliye taabani ukimjulia hali atakwambia "afadhali", na wewe na yeye mnajua afadhali hiyo ina maana gani. Ni adabu, na ni kumshukuru Mungu. Lakini kalamu ya zahanati haijui adabu. Ikisikia "naendelea vizuri" inaandika hivyo, na neno lililotoka kinywani kama salamu linaingia kwenye kadi kama dalili. Tulilizungumza hili njia nzima kutoka Jomvu. Nilimwambia, "Akikuuliza hali ya mkono, usimwamkie. Mweleze." Akaitikia kwa kichwa. Na tulipoingia, mama mtu mzima akamtazama usoni akamjulia hali, basi malezi ya miaka 34 yakashinda mafunzo ya saa moja.

Afisa, nadhani, alikuwa amelisikia jibu hilo mara nyingi. Hakuliandika. Alisukuma chupa yake ya maji mbele.

"Hebu nifungulie."

Mwenzetu akaichukua kwa kushoto, akaibana katikati ya mapaja, akaanza kuzungusha kifuniko kwa kushoto hicho hicho. Alishazoea, hata hakufikiri.

"La, mwanangu. Kwa kulia."

Akaihamishia chupa mkono wa kushoto na kuweka wa kulia juu ya kifuniko. Gumba likashika. Kidole cha pete na cha mwisho vikajikunja chini yake. Vile viwili vya katikati vikabaki vimenyooka, vimekaa juu ya plastiki kama kalamu mbili zilizosahauliwa, na kila alipozungusha, kifuniko kikateleza. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne jasho likamtoka puani na afisa akasema inatosha.

"Unakulaje?"

Akanyamaza. Aliinama, na ninaamini kama si ile nusu ukurasa ya mkewe swali hilo lisingepata jibu. Afisa alikuwa ameisoma. Ilisema: tangu Ramadhani mume wangu anakula kwa kijiko, hawezi kufanya tonge, na wageni wakija hali nao, husingizia ameshakula. Ilisema pia kwamba vifungo vya sare ya mtoto sasa anafunga yeye mama. Hakuna daktari aliyeyaandika hayo, kwa sababu hakuna aliyeambiwa.

"Hivi ndivyo ilivyo?" afisa akauliza, kidole kikiwa juu ya karatasi.

"Ndivyo, Mama."

Safari hii aliandika.

Wakala wa bima alitoa hoja yake, na haikuwa ya kijinga. Alisema asilimia hazitolewi kwa kuangalia chupa, zinatolewa kwa jedwali lililo nyuma ya sheria, na vidole havikukatika. Ni kweli jedwali lipo. Lakini kifungu cha 30 hakiishii kwenye jedwali. Jeraha ambalo halimo ndani yake, Mkurugenzi hulikadiria kwa namna isiyopingana na mwongozo wa jedwali. Na pale jeraha linapokuwa na madhara makubwa yasiyo ya kawaida kwa mtu kwa sababu ya aina ya kazi yake, anaweza kupandisha asilimia. Karani anaweza kuishi na vidole viwili vigumu. Kuli wa magunia atashikaje gunia?

Kisha zamu ya mapato. Afisa wa wafanyakazi akasema huyu ni kibarua, anakuja kazi ikiwepo. Mwenzetu akaulizwa, naye akajibu kwa uaminifu uliokaribia kutuzika: "Ndiyo, nilikuwa nakwenda kukiwa na kazi."

"Na kazi ilikuwa inakosekana lini?" afisa akauliza.

Akafikiri. "Krismasi."

Ile taarifa ya M-Pesa ikawekwa mezani. Afisa wa wafanyakazi akasema pesa hizo zinatoka kwenye laini ya nyapara, si ya kampuni, huenda ni mambo yao binafsi. Afisa akamgeukia nyapara.

"Mzee, hizi pesa za Jumamosi wewe ulikuwa unazitoa wapi?"

Mzee akaangalia sakafu, akamwangalia afisa wa wafanyakazi, akarudi sakafuni. "Napewa na ofisi, Mama. Ijumaa jioni. Nami nawagawia."

Afisa akaiomba kampuni daftari la mahudhurio ya mwaka mzima. Halikuwepo. Akakumbusha kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inamhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi kuwa mfanyakazi wa mwezi, kwa hiyo neno "kibarua" peke yake halimpunguzii mtu mapato.

Mwisho akamwuliza mwenzetu kama ana swali kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimemwandalia maswali manne juu ya zahanati. Hakuuliza hata moja.

"Mzee," akamwambia nyapara, "siku ile nani alinifunga kitambaa?"

"Mimi, mwanangu."

Nilidhani amepoteza nafasi. Baadaye, niliposoma jawabu, nikakuta jibu hilo limenukuliwa kuwa ushahidi kwamba mwajiri alipata habari ya ajali siku hiyohiyo. Kwa miezi kampuni ilikuwa ikidai haikujua kitu hadi Juni.

Kikao kizima kilikuwa dakika 50.

Jawabu

Tulilipokea tarehe 8 Novemba, siku ya 12. Kurasa tatu, zenye sababu.

Mapato: 16,800 kwa mwezi. Sisi tulidai 18,200, kwa kuzidisha 700 kwa siku 26 kama kwamba hakuna wiki iliyokosekana. Afisa alizidisha 4,200 kwa malipo 24, akapata 100,800, akagawa kwa miezi 6. Alikuwa sahihi, nami nilikuwa nimefanya hesabu ya tamaa.

Asilimia: 10. Alikubali ripoti ya daktari wa mifupa juu ya jeraha, akaitupa ya zahanati kwa kuwa haikutegemea eksirei, ila hakuchukua ile 12 kamili. Alieleza kwamba gumba ni zima na mkono unashika kwa sehemu.

Siku za kutoweza kazi: miezi 3, kwa mujibu wa kadi za hospitali ya umma.

Kwa hiyo 16,800 mara 96 ni 1,612,800, asilimia 10 yake 161,280. Miezi mitatu ya mapato, 50,400. Jumla shilingi 211,680. Mkono ni uleule uliokuwa wa 27,958.

Kifungu cha 52 kinaruhusu rufaa kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 30 tangu kupokea jawabu. Tulikaa nalo. Tofauti kati ya asilimia 10 na 12 ilikuwa shilingi 32,256. Wakili angekula sehemu yake, muda ungekula nyingine, na upande wa pili nao ungepata nafasi ya kuzifumua namba zote mbili upya. Mimi nilikuwa nataka rufaa, nakiri. Kidole chake cha shahada, kile cha kuswalia, hakinyooki kwa hiari tena, kimenyooka milele, na jambo hilo lilinikera kuliko lilivyomkera yeye. Mkewe akauliza swali moja: "Ada ya shule ya Januari italipwa na rufaa?" Hatukukata rufaa.

Bima walikuwa na siku 90. Walilipa tarehe 31 Januari 2024, zikiwa zimebaki siku chache. Pesa hazimfikii mfanyakazi moja kwa moja, hupitia kwa Mkurugenzi, naye ana siku 30 za kuzikabidhi. Kilichokataliwa ni shilingi 3,400 za dawa alizojinunulia Aprili na Mei. Gharama za matibabu ni za mwajiri, hilo halina ubishi, lakini risiti mbili zilikuwa zimefifia hazisomeki na ya tatu ilifuliwa ndani ya shati.

Februari aliitwa kutia sahihi ya kupokea. Akashika kalamu kwa kushoto, akaandika jina lake polepole, na sahihi ikatoka tofauti kabisa na ile ya kitambulisho. Karani akaitazama, akamtazama, akamsogezea kidau cha wino. Gumba la kulia halikuumia. Akaliweka kwenye wino, akalibandika.